Protini Kuwapo Si Joto Kutoka: Kwa Mnaoanza Kazi ya Mafuta ya Kahawia

Wadogo zangu mnaoingia kwa mara ya kwanza katika maabara za baiolojia ya nishati, wengi wenu mnafika mkiwa na sentensi moja kichwani: mafuta ya kahawia, yaani tishu ya mwili inayochoma mafuta ili kutoa joto, yana protini iitwayo UCP1, na UCP1 hutoa joto. Sentensi hiyo si ya kutupwa, lakini ina pengo, na pengo hilo limekula muda wa watafiti wengi. UCP1 iliyomo katika seli isiyochokozwa huwa imefungwa, na seli inaweza kujaa protini hiyo tele bila kutoa joto la kutajika. Kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe tangu siku ya kwanza, yaani uwezo wa kutoa joto na utoaji wenyewe wa joto, na karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa ni tawi la tofauti hiyo.

Anzeni na mitokondria ya kawaida, yaani kiungo kidogo cha seli kinachochoma chakula, kabla ya kuigusa ya kahawia. Sukari au mafuta yanapochomwa, elektroni hupita kwenye mnyororo wa protini zilizomo katika utando wa ndani wa mitokondria, na nguvu inayopatikana humo husukuma protoni kutoka matriksi, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mitokondria, kwenda upande wa pili wa utando. Protoni zikirundikana huko huvutwa kurudi, na njia kuu iliyoachwa wazi kwa ajili yake hupita ndani ya kimeng'enya kinachounganisha ADP na fosfati kuwa ATP, molekuli ambayo seli huitumia kama sarafu ya nishati. Wazo hili lilitolewa na Peter Mitchell mwaka 1961, likabishiwa sana, kisha likampatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1978. Wanafunzi hulikariri vizuri, ila husahau nusu yake ya pili, ambayo ndiyo tunayoihitaji: ADP ikiisha, protoni hazina pa kurudia, shinikizo hupanda, na mnyororo wa elektroni hupunguza mwendo hata kama chakula na oksijeni vipo kwa wingi. Uchomaji wa seli una breki, na breki hiyo ni ukosefu wa kazi ya kufanya.

UCP1 huiondoa breki hiyo. Inazipa protoni njia nyingine ya kurudi matriksi bila kutengeneza ATP, na hapo mnyororo wa elektroni hukimbia kwa kasi yote inayoruhusiwa na mafuta na oksijeni iliyopo, huku nishati yote ikiishia kuwa joto. Dereva anayekanyaga klachi na mafuta kwa pamoja analijua jambo hili: injini inanguruma na kuchemka, na gari halisogei. Kutokana na hayo mwone kwamba joto halitoki ndani ya UCP1 kama linavyotoka kwenye koili ya jiko la umeme. Linatoka katika uchomaji mzima. UCP1 ikifunguka katika seli isiyopelekewa damu ya kutosha, au iliyoishiwa asidi za mafuta, joto halitakuwapo, na mtafiti aliyepima protini peke yake hatajua kwa nini.

Kuna jambo dogo ambalo vitabu vingi vya mwaka wa kwanza havilisemi, nalo linaonyesha jinsi seli hizi zilivyojipanga kwa ajili ya kazi moja. Mitokondria za mafuta ya kahawia ya panya zina protini nyingi mno za mnyororo wa elektroni, lakini zina kimeng'enya kidogo sana cha kutengeneza ATP, kwa sababu sehemu moja ya kimeng'enya hicho, ile pete inayozungushwa na protoni, hutengenezwa kwa uchache. Ndiyo maana ukiziongezea ADP ndani ya chumba cha kupimia oksijeni, hazishtuki kama mitokondria za ini au za moyo. Anayeanza akiuona mstari uliolala baada ya ADP hudhani ameziua mitokondria zake. Hapana, ndivyo zilivyoumbwa.

Sasa tuje kwenye udhibiti, na hapa naomba mkae muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kifungo cha UCP1 ni nyukliotidi za purini, yaani ATP, ADP, GTP na GDP. Ndani ya seli hai ATP imejaa kiasi cha kutosha kuifunga UCP1 muda wote, na hiyo ndiyo hali yake ya kawaida. Ufunguo ni asidi za mafuta zenye mnyororo mrefu. Habari hii ilijulikana kabla ya protini yenyewe kuwa na jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, David Nicholls na wenzake walionyesha kuwa mitokondria za mafuta ya kahawia huvuja protoni kupita kiasi, na kwamba uvujaji huo huzibwa kwa GDP na kwa ndugu zake. Mwaka 1976 Daniel Ricquier na Jean-Claude Kader waliona protini yenye uzito wa kama kilodaltoni 32 ikiongezeka kwa panya waliowekwa kwenye baridi, na mwaka 1978 kundi la Nicholls likatumia ATP iliyobadilishwa ili inase inapomulikwa, likaikuta imenasa kwenye protini ya uzito huohuo. Kizuizi kikatumika kumtafuta anayezuiwa. Mwanafunzi akiifuata hoja hiyo hatua kwa hatua, atakuwa amejifunza biokemia zaidi ya kukariri orodha ya jeni.

Ikiwa mtafanya jaribio moja tu kwa mikono yenu wenyewe, liwe hili la GDP. Chukueni mafuta ya kahawia yaliyo kati ya mabega ya panya mdogo wa maabara, kipande ambacho kwa kawaida hakifiki robo gramu, na kabla ya yote ondoeni kwa makini mafuta meupe yaliyoyazunguka, kwa sababu yakisagwa pamoja yatachafua kila kipimo kitakachofuata. Sageni taratibu ndani ya sukrosi ya milimola 250 iliyopozwa kwenye barafu. Mzunguko wa kwanza wa sentrifuji uwe wa kasi kubwa, kama mara 8,500 ya nguvu ya uvutano, na hili huwashangaza waliozoea ini, ambako huanzwa na mzunguko wa polepole. Sababu yake ni mafuta: kwa kasi hiyo huelea juu kama utando mweupe, ambao mtaumwaga na kuifuta mirija kwa karatasi laini, huku mitokondria zikibaki chini pamoja na viini vya seli. Kisha ongezeni sukrosi mpya, zungusheni kwa kasi ndogo ya mara 800 ili viini vitue, na kile kinachobaki juu kizungusheni tena kwa kasi kubwa. Mtapata tone la hudhurungi, na mara nyingi linatosha kazi ya asubuhi nzima ikiwa halikuachwa kupata joto.

Mitokondria hizo zikiwekwa kwenye chumba cha elektrodi ya oksijeni pamoja na chakula chake, yaani piruveti na malati, au gliseroli-3-fosfati, ambayo mafuta ya kahawia huichoma kwa pupa, oksijeni huanza kushuka kwa kasi mara moja. Hamjaongeza ADP wala sumu yoyote, lakini mitokondria zinapumua kana kwamba hazina breki, kwa kuwa ATP iliyokuwa ikiifunga UCP1 imeoshwa wakati wa kuzitenga. Ongezeni GDP ifikie milimola 1. Mstari unajikunja, upumuaji unashuka, na kile kilichoshuka ndicho mchango wa UCP1. Wekeni albumini ya ng'ombe isiyo na mafuta ndani ya bafa (kimiminika kinachotunza pH), kwani kazi yake ni kunyonya asidi za mafuta zilizosalia, ambazo zikibaki hushindana na GDP na kufanya matokeo ya leo yasifanane na ya jana. Mwisho ongezeni FCCP, kemikali inayotoboa njia ya protoni katika utando wowote, ili mjue kasi ya juu kabisa ya mnyororo wa elektroni. Bila kipimo hiki cha mwisho hamwezi kujua kama GDP imezima UCP1 au kama mitokondria zenyewe zimeanza kuchoka.

Kwa nini GDP na si ATP, wakati ndani ya seli mfungaji mkuu ni ATP? Kwa sababu ATP ina shughuli nyingine nyingi katika mitokondria: hupitishwa na kibebaji chake, huvunjwa, hutengenezwa upya. GDP inafunga bila kuingilia hayo. Angalieni pia pH, maana nguvu ya nyukliotidi kushika UCP1 hupungua pH inapopanda, na bafa iliyotengenezwa kwa haraka inaweza kuwapa tofauti mtakayoidhania kuwa ya kibaiolojia.

Kuhusu namna asidi za mafuta zinavyoifungua protini hii, mtakutana na mabishano ya miongo kadhaa, na ushauri wangu ni kuyasoma kwa mpangilio wa miaka, si kuanzia mwisho. Wengine walisema asidi ya mafuta huvuka utando ikiwa na protoni, kisha UCP1 humrudisha abiria huyo upande wa pili akiwa hana mzigo. Wengine walisema asidi hukaa ndani ya mfereji na kupokezana protoni. Mwaka 2012 kundi la Yuriy Kirichok la San Francisco lilifaulu kupima mkondo wa umeme moja kwa moja kwenye utando wa ndani wa mitokondria za mafuta ya kahawia, likaeleza kuwa UCP1 husafirisha asidi ya mafuta na protoni kwa pamoja, ila asidi yenye mnyororo mrefu hubaki imeng'ang'ania kwenye protini huku protoni zikiendelea kupita. Mwaka 2023 zikatoka picha za umbo la UCP1 ya binadamu zilizopatikana kwa hadubini ya elektroni ya baridi kali. Zilionyesha helesi sita zinazopita kwenye utando, kama zilivyo protini nyingine za familia ya vibebaji vya mitokondria, na nyukliotidi imejikita ndani ya tundu, fosfati zake zikishikwa na arginini, mojawapo ya asidi amino zinazoijenga protini hiyo. Zisomeni baada ya kulielewa jaribio la GDP, kwa sababu picha inaeleza vizuri kifungo kinavyokaa, lakini haiwafundishi maana ya kufungwa.

Nje ya mitokondria, amri inatoka mbali. Ngozi ikihisi baridi, habari hufika kwenye hipothalamasi, sehemu ya ubongo, nayo hutuma ujumbe kupitia neva za simpathetiki hadi kwenye seli za kahawia, ambako noradrenalini hushika vipokezi vya beta-3, cAMP, yaani mjumbe wa ndani ya seli, hupanda, na kimeng'enya PKA huanzisha uvunjaji wa matone ya mafuta. Asidi zinazotoka hapo zina kazi mbili kwa wakati mmoja: ndizo ufunguo na ndizo kuni. Hata hivyo msiiandike njia hii kama mstari mmoja ulionyooka. Mwaka 2017 makundi mawili yalionyesha kuwa panya waliozuiwa kuvunja mafuta ndani ya seli za kahawia zenyewe bado walihimili baridi, kwa kuwa mafuta meupe yaliendelea kupeleka asidi kupitia damu. Amri hiyohiyo ya noradrenalini huamsha jeni pia, kwa msaada wa PGC-1 alfa, protini inayosaidia kuwasha jeni, na wa homoni ya tezi ya shingo iliyotiwa nguvu ndani ya seli yenyewe. Mwendo wa saa, basi, ni wa aina tatu: kufunguka kwa UCP1 ni suala la dakika, kupanda kwa RNA yake, yaani nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini, ni suala la saa, na kuongezeka kwa protini na mitokondria ni suala la siku hadi wiki.

Mkiutambua mwendo huo wa aina tatu, mtasoma majarida kwa jicho jingine. Mara nyingi mtaona kichwa cha habari kinachodai kwamba dawa au chakula fulani kimeongeza UCP1 mara ishirini katika mafuta ya kinena cha panya, na mkichimba mtakuta kilichopimwa ni RNA peke yake, katika tishu ambayo mwanzoni ilikuwa na kiasi kinachokaribia sifuri. Mara ishirini ya karibu na sifuri ni kidogo tu. Ulizeni: protini imepimwa? Imepimwa kwa tishu nzima au kwa mikrogramu ya protini, ambayo hubadilika seli zikipoteza mafuta? Kiasi chote cha mnyama mmoja ni kipi ukilinganisha na kile kilichoko kati ya mabega? Na kingamwili iliyotumika kuitambua protini ilijaribiwa kwa panya aliyefutiwa jeni ya UCP1? Picha ya vipimo vya protini isiyo na safu ya sampuli ya mnyama huyo mimi huipokea kwa shaka, na kwa ndugu yake UCP2, ambaye kingamwili zake zimewapotosha wengi, siipokei kabisa.

Jambo la jotoridi ya chumba nalisisitiza kwa wale watakaofanya kazi kwetu Afrika Mashariki. Panya mdogo hustarehe, bila kulazimika kujitengenezea joto la ziada, kwenye nyuzi 30 hivi za Selsiasi. Maabara nyingi za Ulaya na Marekani huwaweka kwenye nyuzi 20 hadi 22, jotoridi linalompendeza mtu aliyevaa koti la maabara, lakini kwa panya hiyo ni baridi ya kila siku, na mafuta yake ya kahawia hayapumziki. Panya aliyelelewa katika chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa anakaribia hali ya starehe yake. Mwenzake wa Nairobi au Arusha hayuko hivyo. Matokeo yenu yasipofanana na ya waliowatangulia, msikimbilie kulaumu kemikali. Andikeni jotoridi la chumba, usiku na mchana, tena muandike na idadi ya panya katika kila tundu, maana wakilala wamekumbatiana baridi yao si ileile.

Mfano mkubwa wa jambo hilo ni panya waliofutiwa jeni ya UCP1. Walipoelezwa mwaka 1997 kutoka maabara ya Leslie Kozak, walishindwa kulinda joto la mwili walipohamishiwa ghafla kwenye baridi, lakini hawakunenepa, na wengi wakahitimisha kuwa UCP1 haina uhusiano na unene. Mwaka 2009 kundi la Barbara Cannon na Jan Nedergaard la Stockholm liliwaweka panya kama hao kwenye nyuzi 30, na hapo walinenepa. Kwenye chumba cha kawaida walikuwa wakichoma nishati nyingi kwa kutetemeka ili wasipoe, na gharama hiyo iliuficha ukweli. Tena, wakizoeshwa baridi pole pole, panya hao huweza kuishi hata kwenye nyuzi 4, wakitetemeka. Ndiyo maana kipimo kinachoaminika cha uwezo wa mafuta ya kahawia kwa mnyama mzima ni kumdunga noradrenalini akiwa kwenye joto la starehe na kupima oksijeni anayotumia, huku mkilinganisha waliozoea baridi na waliozoea joto.

Kwa binadamu, mnajua kuwa mtoto mchanga ana mafuta haya kati ya mabega na kuzunguka figo, na kwamba mtoto njiti huzaliwa kabla akiba hiyo haijakamilika, ambayo ni sababu mojawapo ya kumlinda kwa ngozi ya mama na kofia. Kwa watu wazima, makala tatu zilizotoka pamoja mwaka 2009 zilithibitisha kwa picha za PET, zinazofuatilia glukosi yenye mionzi mwilini, kuwa wengine wanayo, hasa juu ya mifupa ya mtulinga, shingoni na kando ya uti wa mgongo. Kumbukeni tu kwamba picha hizo huonyesha glukosi inakoingia, wakati chakula kikuu cha tishu hii ni mafuta. Madoa yanayong'aa si kipimo cha joto.

Kuhusu protini nyingine sitakaa sana. UCP2 na UCP3, licha ya majina yao, hazitoi joto la kumkinga mnyama na baridi. Kibebaji cha ADP na ATP nacho huvusha protoni kiasi kikichochewa na asidi za mafuta, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2019, na ipo mizunguko ya kreatini na ya kalsiamu inayotumia ATP bure na kutoa joto katika baadhi ya seli. Yafaa kuyajua, ila mjenge kwanza msingi wa UCP1. Nguruwe walipoteza jeni inayofanya kazi mamilioni ya miaka iliyopita, na mfugaji yeyote anayewawekea watoto wa nguruwe taa usiku anaishughulikia hasara hiyo.

Mtu akiwaambia kuwa dawa inayotenganisha uchomaji na ATP ingemaliza unene, mwelezeni habari ya dinitrofenoli, iliyotumiwa Marekani kupunguza uzito kuanzia mwaka 1933 na kuondolewa mwaka 1938 baada ya watu kupofuka kwa mtoto wa jicho na wengine kufa kwa joto la mwili kupanda. Huvusha protoni kwenye utando wa mitokondria za kila seli na haina kifungo. UCP1 imewekwa katika tishu moja, ikafungwa kwa ATP, ikapewa ufunguo unaotolewa na neva.

Wiki zenu za kwanza, ombeni panya wa aina tatu: aliyekaa nyuzi 30 kwa wiki kadhaa, aliyezoeshwa nyuzi 4, na aliyefutiwa jeni. Tengeni mitokondria siku moja, tumieni bafa moja, chukueni mistari mitatu ya GDP na muipange ukurasa mmoja. Wa pili ushuke sana, wa kwanza ushuke kidogo, wa tatu usishuke. Ule wa tatu ukishuka, msifanye hesabu yoyote kabla ya kukagua vibandiko vya mirija.